Kinu cha Mama Zena

Mtu mmoja aliyeitwa Mhando alikuwa na mke na binti mmoja, Zena. Zena alikuwa na miaka sita na hakuwa akisema. Kuwika kwa jogoo kulimuumiza masikio, na sauti za watu wengi zilimfanya ajigonge kichwa ukutani. Kitu kimoja tu kilimtuliza. Mama yake alipotwanga mahindi, Zena alikaa chini, akaweka kiganja ubavuni mwa kinu, akatulia.

Kwa hiyo mama alitwanga. Mahindi ya siku yalipokwisha aliogopa kuacha, maana akiacha tu, mtoto huanza kujigonga. Akatia pumba kinuni, akaendelea. Akichoka alimpa mumewe mchi na kwenda kujilaza, na Mhando akichoka alimwamsha. Wakaishi hivyo, mmoja anatwanga, mwingine amelala. Wiki zikapita hawajala pamoja wala kuulizana hali. Maneno yaliyobaki kati yao yalikuwa "Shika" na "Lete".

Kijijini watu walisikia mchi ukilia kutwa, wakadhani nyumba ile ina chakula tele. Kisimani wanawake walimtania mama yule.

"Mama Zena, nyie mnakula mara ngapi kwa siku? Hebu tualikeni na sisi!"

Naye kwa aibu alicheka, akajibu, "Tunajaliwa, shoga."

Hata akaanza kumwaga pumba kidogo mlangoni kila asubuhi, ili wapitao waone kwamba ni kweli. Hakuna aliyewaza kumsaidia mtu aliyeshiba.

Mvua za kupandia zikanyesha. Shamba lao lilikuwa ng'ambo ya bonde, na lilitaka watu wawili, mmoja achimbe mashimo na mwingine atie mbegu na kufukia. Siku nane zikapita halijaguswa. Wiki ya pili nayo ikiisha bila kupanda, mwaka huo hawangevuna kitu. Mhando akaanza kuwaza kumpeleka Zena kwa ndugu zake wa mbali, ingawa alijua huko watamfungia chumbani. Mkewe naye alikuwa akiwaza hivyo hivyo, na kila alipowaza alilia, maana alimpenda mwanawe.

Asubuhi moja Mama Kibwana, jirani wa nyumba ya tatu, akaja na ungo wa mahindi. Kinu chake kilikuwa kimepasuka, akaomba atwangie pale. Mama Zena alikifunika kinu kwa viganja vyake vilivyochubuka. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema kinu kina kazi, na jirani angekwenda zake. Lakini mchi ulikuwa umesimama, na Zena alikwishaanza kujigonga ukutani. Hapo mama akaondoa mikono.

"Mama Kibwana, humu hamna mahindi. Ni pumba. Natwanga ili mwanangu atulie, na nimechoka."

Mama Kibwana akachungulia. Pumba zilikuwa zimetwangwa mpaka zimekuwa vumbi. Alizimwaga, akamimina mahindi yake, akauchukua mchi kutoka mikononi mwa mwenzake, akaanza kutwanga. Baada ya muda Zena akarudi, akaweka kiganja ubavuni mwa kinu. Mama yake alikuwa bado amesimama palepale, hajui afanye nini na mikono yake.

"Sasa wangoja nini?" Mama Kibwana akamwambia. "Mchukue mumeo mwende mkapande!"

Wakaenda. Walipofika kwenye mteremko, Mhando alichukua jembe la mkewe, akalibeba pamoja na lake.

Kesho yake wanawake wanne walioambiwa na Mama Kibwana walikuja kwa zamu na mahindi yao, na kila aliyemaliza aliacha konzi moja ya unga kwa ajili ya mwenye kinu. Mmoja hakurudi tena, alisema mtoto yule anamtisha. Lakini palikuwa na bibi mmoja asiye na nguvu za kuinua mchi. Yeye alikuja kila asubuhi na fimbo yake, akakaa nje ya nyumba, kazi yake kufukuza majogoo wa watu wasiwike karibu.

Zena hakuanza kusema, na siku akiamka vibaya hujigonga bado. Shamba lilipandwa nusu tu, kwa sababu walichelewa. Nusu hiyo ikaota. Na jioni ile mahindi yalipochomoza, Mhando na mkewe walikula sahani moja, wakaulizana hali, na kila mmoja akamjibu mwenzake kweli.

Siku hizi mtoto kama Zena tunasema ana usonji, na wazazi kama wake wapo wengi, huenda hata mtaani kwenu. Wewe unayemlea mtoto huyo, unayetwanga pumba kutwa na kuwaambia watu kwamba unajaliwa, ni nani uliyemruhusu achungulie kinuni mwako?