Kopo la Akiba la Nakijwa

Mama mmoja alikuwa na chungu kisichokombwa. Jina lake Nakijwa, mjane wa kule milimani Upare, na katika ukoo aliozaliwa hakuna aliyethubutu kumaliza chakula chote kilichopikwa. Makande yakiiva watu wanakula, wanashiba, lakini chini ya chungu linabaki fungu la mtu ambaye bado hajabisha hodi. Alipokuwa mdogo alichapwa na mama yake kwa sababu ya kukwangua ukoko, na hakurudia. Akakua hivyo, akaolewa hivyo, akazeeka hivyo. Wapita njia walijua kwamba kwa Nakijwa hulali njaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyoishi, nami sisemi alikosea. Msije mkanisikia vibaya.

Siku moja akiwa shambani, jembe lilimteleza likamchana mguu juu ya kifundo. Akafanya kama alivyofundishwa: akachemsha majani ya mwarobaini aliyoletewa kutoka tambarare, akaosha jeraha, akapaka asali. Dawa hiyo si ya kudharau, vidonda vingi vya pale kijijini vilifungwa nayo. Lakini mkono wake ulikuwa uleule wa kubakiza. Majani ya jana aliyachemsha tena leo, na kesho tena, ili mabichi yabaki kwa mwenye shida, mpaka maji yakawa na rangi tu, uchungu hayana. Mguu ukavimba, ukatunga usaha.

Mwanawe Mbonea akampeleka zahanati. Nesi akasafisha donda, akampa vidonge vya rangi mbili, akamwambia avimeze mpaka viishe, hata akijiona amepona. Nakijwa akaitikia kwa adabu zote. Ah, wangapi wetu huitikia kwa mdomo, na moyo una mila zake! Donda lilipoanza kukauka, alivitazama vilivyobaki, akaona aibu kuvimaliza. Naam, aibu. Mtu umeshapona, unaendelea kula ya nini? Na kesho akija mtu anaungua na homa, utampa nini? Akavitia kwenye kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya kichanja cha jikoni. Akiba haiozi, akajisemea, akalala kwa amani.

Kopo lile likapata sifa. Jirani yake Sekiete alikuja na kikohozi, akapewa viwili. Mwingine jino, akapewa kimoja. Mtoto aliyejikata alipasuliwa kidonge, akanyunyiziwa unga wake penye jeraha. Na kila aliyebakiza vyake vya zahanati aliona ni ubaya kuvifungia ndani, akavileta viingie mlemle. Walikuwa watu wema, wanagawana walichonacho. Ila hakuna hata mmoja aliyepewa cha kumtosha.

Donda la mguu likarudi, dogo, la kuja na kuondoka. Nakijwa hakulijali. Alilifunga kitambaa akaendelea na kazi, maana mkamwana wake Namkunda, mke wa Mbonea, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mama mkwe ndiye wa kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Akamkanda kwa mikono ileile iliyofunga donda. Haikupita wiki, titi la kushoto la Namkunda likawa gumu kama jiwe, jekundu, linawaka. Homa ikampanda mpaka akawa anaita majina ya watu waliokwisha kuzikwa.

Nakijwa alimpenda binti yule kama wa tumbo lake. Akakimbilia kopo, akampa vidonge. Kesho yake akampa tena. Homa haikusikia. Walipomfikisha hospitali, Namkunda alikuwa hamtambui mtoto wake.

Daktari akapasua jipu, akaanza dawa, na homa ikakaa palepale. Akachukua usaha ukapimwe. Majibu yalipotoka alikuja kuuliza nani pale nyumbani ana kidonda. Nakijwa akanyoosha mguu. Akaulizwa alikitibu vipi, naye akaeleza yote bila kuficha, na kwa fahari kidogo, kwamba kwake mtu hakosi dawa. Daktari, kijana wa umri wa Mbonea, alimsikiliza mpaka mwisho, akainama karibu naye.

"Mama, wadudu wa donda lako uliwaua nusu. Wanyonge wakafa, sugu wakabaki, na sasa dawa ile hawaiogopi tena."

Nakijwa akakaa chini, sakafuni. Aliogopa, tena aliona haya kuliko siku zote za maisha yake. Tangu utoto alijua kumbakizia mgeni. Hakujua kwamba safari hii mgeni aliyembakizia fungu ni yuleyule aliyekuwa anamla mguu, na kwamba angeondoka kwake akiwa ameshiba, akabishe hodi kwa mkamwana.

Ikatafutwa dawa nyingine, kali zaidi, ikaagizwa mbali. Namkunda alipona, Mungu ashukuriwe, lakini titi la kushoto lilikatwa sehemu, na maziwa ya upande huo yakakauka. Mtoto hunyonya kulia. Kulia kukiisha huhamia kushoto, anatafuta, anatafuta, kisha analia. Nakijwa husikia kilio hicho akiwa jikoni. Yeye mwenyewe alipewa dawa mpya ya mguu, akaimeza mpaka kidonge cha mwisho, na cha mwisho kile alikimeza machozi yakimtoka.

Msimu wa mahindi Sekiete alibisha hodi. Kikohozi kilekile, sasa kimemkondesha mpaka shati linampwaya. Akaomba viwili tu vya kumsogeza. Nakijwa akamkaribisha kigoda, akampakulia makande ya chini ya chungu, akamngoja ale ashibe. Kisha akajitanda khanga, akasimama mlangoni.

"Inuka, jirani, nikupeleke zahanati. Chungu changu bado hakikombwi, lakini kopo lile nimelikomba."

Wakateremka pamoja, mmoja anakohoa, mwingine anachechemea.

Nanyi mnaonisikiliza, mlioanza kuung'oa uovu mioyoni mwenu mkaacha njiani mara mlipoona nafuu: hicho mlichobakiza, mmembakizia nani?