Chungu cha Wakwe

Chungu kibichi hakitelekwi. Nimewasikia mkiyasema maneno hayo huku mnacheka, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Basi acheni kicheko, mkae. Methali hii ilizaliwa na hasira ya mama mmoja, nami kila nikiisimulia hasira hiyo hunipanda upya.

Mama huyo aliitwa Tusekile, mfinyanzi wa kando ya ziwa. Binti yake mkubwa, Atupele, aliozwa mara tu alipovunja ungo. Uchungu wa kuzaa ukamshinda, mtoto akafia tumboni, naye akabaki akivuja mkojo bila kuweza kujizuia. Mume akamrudisha kwao. Tusekile akalilia apelekwe hospitali; wanaume wakasema ni mkosi, aachwe.

Mngedhani baba yake, Ambakisye, alipata funzo. Thubutu! Mdogo wake Atupele, Subilaga, alipovunja ungo, bado yuko shule ya msingi, baba akampokelea posa ya Mzee Mwakalinga, mtu mwenye wajukuu wakubwa kuliko huyo mtoto! Tusekile alipopinga, akaambiwa mambo ya mahari si yake, yeye awapikie wakwe.

"Haya," akasema. "Nitawapikia."

Wakwe wakaja, wakaketi uani karibu na mafiga. Tusekile akachukua chungu alichokifinyanga jana yake, hakijakauka wala kuchomwa, akatia nyama na maji, akakiteleka mbele ya macho yao. Kikalainika, kikapasuka. Mchuzi ukazima moto na nyama yote ikaangukia jivuni.

Mwakalinga akainuka kwa ghadhabu. "Mwanamke gani wewe! Mfinyanzi mzima, hujui chungu kibichi hakitelekwi?"

"Rudia, mzee," Tusekile akamwambia. "Sema kwa sauti, baba Atupele naye asikie."

"Nimesema hakitelekwi! Kiache kikauke, kichomwe, ndipo..."

Akakatiza. Atupele alikuwa ametoka ndani, khanga yake imelowa, amemshika mdogo wake mkono.

"Udongo unaujua," Tusekile akasema, "ila mtoto wa mwenzio humjui? Huyu mmoja mlishanipasulia. Wa pili mtampata nikiwa kaburini."

"Na mimi sitaki," Subilaga akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Wakwe wakaondoka na njaa yao. Kesho yake Ambakisye akambebea Atupele mzigo wake, wakaenda hospitali, na huko akatibiwa akapona. Msimsifu! Kumbe dawa ilikuwepo siku zote, na binti aliozea nyuma ya jiko kwa sababu ya ukaidi wa baba yake. Subilaga akarudi darasani.

Hata leo wapo wanaopiga hodi na ng'ombe zao, wanasema binti akishavunja ungo amekomaa. Wakija kwenu, msihangaike kutafuta la kuwajibu. Wapeni maneno yaliyotoka kinywani mwa mchumba mwenyewe: chungu kibichi hakitelekwi.