Babu Aliyeshuka kutoka Nyotani

Mwaka ule jua halikuwa na adabu hata kidogo. Lilikunywa mto, likanywa visima, likabakiza kidimbwi kimoja cha tope chini ya Jabali Jeusi. Wanyama wote wakahamia hapo, wenye meno na wenye kwato, wakaapa kutotafunana kidimbwini mpaka mvua inyeshe. Walikonda wote. Aliyenenepa ni mmoja tu, na hadithi hii ni ya kitambi chake.

Jioni moja, giza lilipoingia na nyota zikachanua, Fisi alipanda jabali akaanza kurukaruka.

"Mfalme! Mfalme! Tazama mashariki! Nyota zile zilizojikunja kama mundu, si manyoya ya shingo? Ile inayong'aa chini yake, si moyo? Na zile tatu za nyuma, si kiuno na mkia? Simba yule!"

Simba, ambaye aliringa hata alipopiga miayo, akainua kichwa. "Simba kweli," akasema. "Tena mzuri. Amefanana na mimi."

"Asifanane nawe kwa nini? Ni babu yako! Sasa geuka magharibi. Unamwona Ng'ombe yule mwenye jicho jekundu, Kilimia, kile kishada cha nyota, kimempanda begani? Mvua yetu imo tumboni mwake. Babu humfukuza kila siku asimfikie. Ana njaa, Mfalme! Mbio zimemwisha!"

Wanyama wakaguna kwa huruma. Maskini Babu!

"Tufanyeje?" akauliza Simba.

"Kila jioni fungu lake liwekwe juu ya jabali. Atashuka ale. Mimi nitatangaza, nanyi mfunike nyuso. Atakayechungulia atapofuka."

Basi wakaanza. Simba akaleta paja la nyati kutoka mbali, Chui akaleta mbavu. Kila jioni Fisi alipaza sauti, "Funikeni nyuso!" Nyuso zikafunikwa, na juu ya jabali ikasikika mifupa ikivunjwavunjwa. Asubuhi hapakubaki hata ukucha, na kitambi cha Fisi kikawa kinamtangulia njiani.

Windo lilipoadimika, Fisi akaja na neno jipya. "Babu amechoka na nyama ngumu. Zamu ya wala majani. Wao hawana paja la kuleta, basi walete watoto."

Zamu ya kwanza ikamwangukia Mama Digidigi, mjane mwenye mtoto mmoja tu, jina lake Kipepe. Mama wa watu alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akamwendea Sungura.

"Mwanangu wewe, Sungura, nisaidie. Sina mwingine."

"Usilie, mama," akasema Sungura, na masikio yake yakaanza kuchezacheza, jambo ambalo si dalili njema kwa mtu fulani. "Kesho tutacheka mpaka mbavu ziume."

Akaenda moja kwa moja kwa Simba. "Shikamoo, Mfalme. Nimekuja na aibu. Watu wanakusema."

"Mimi? Wananisema nini?"

"Kwamba hukulelewa. Babu yako anashuka kila jioni uani kwako, nawe hujamwamkia hata siku moja! Mjukuu na babu si watani? Hujamvuta mkia, hujamnyang'anya tonge mdomoni. Umejifunika uso kama mgeni!"

"Lakini nitapofuka."

"Watapofuka wageni. Damu haipofuki kwa damu."

Simba alinguruma. Asemwe yeye kwamba hakulelewa! Jioni ile akajibanza nyuma ya jabali, na Sungura ubavuni mwake.

Kipepe akafungwa juu ya jabali. Fisi akatangaza, nyuso zikafunikwa. Akapanda taratibu gizani, mate yakimchuruzika, akafungua kinywa.

"Shikamoo, Babu!"

Simba akaruka na kumdaka mkia. Fisi roho ikataka kumtoka. Akisema yeye ni Fisi, ameliwa. Akabana pua, akaitikia kwa sauti nene, "Ma... marahaba, mjukuu wangu."

Simba akafurahi kama mtoto! "Babu wewe, mbona unanuka hivi? Huko mbinguni hamwogi? Na miguu ya nyuma nani kaikata? Na kitambi! Kumbe Ng'ombe anakushinda mbio kwa sababu ya kitambi!"

"Ni uzee, mjukuu wangu. Niachie mkia."

"Mtekenye, Mfalme!" akapiga kelele Sungura. "Babu asiyecheka hajamtambua mjukuu!"

Simba akamtekenya kwapani. Fisi akauma midomo. Akamtekenya kitambi. Fisi akafunga macho, akajinyonganyonga, akajikunja, na mwishowe kicheko kikampasuka, kile kicheko chake kisicho na mfano duniani, kikazunguka bonde zima.

Kisha ikasikika sauti ndogo ya Kipepe: "Mama, mbona Babu wa mbinguni anacheka kama Fisi?"

Nyuso zikafunuliwa. Simba akatazama juu. Babu yupo palepale, na mundu wake na moyo wake, hajatikisika. Akatazama chini. Makucha yakatoka.

"Ngoja, Mfalme," akasema Sungura. "Umemwamkia, naye ameitikia marahaba mbele yetu sote. Aliyeitikia ni mkubwa wako. Utamuua babu yako?"

"Nisimuue?"

"Ni babu yetu sote sasa. Na mjukuu ana haki gani kwenye tonge la babu?"

Simba akafikiri. Halafu akaanza kucheka, Chui akacheka, Mama Digidigi akacheka huku akimfungua mwanawe na kumlamba, machozi yakimtiririka, na hata vyura kidimbwini wakaitikia.

Tangu siku hiyo, Fisi akipata windo hali kwa raha. Simba anafika: "Shikamoo, Babu!" anachukua paja. Mbweha anachukua ini, Tai anachukua jicho. Mvua nayo ilikuja kwa wakati wake, wala kule juu Simba hakuwa amemkamata Ng'ombe. Wanafukuzana mpaka leo. Toka nje jioni uwaone. Ukisikia kicheko gizani, ujue wajukuu wamemfikia Babu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.