Kilemba cha Asiye na Kosa

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni, iingie, ikae.
Imekuja na uongo kidogo.
— Uongo wa ngano hauli kiapo.
Na kweli imo, imejificha.
— Tutaitafuta wenyewe.

Basi tulieni. Nasema polepole, maana jambo lenyewe lilikwenda polepole.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, palikuwa na nchi ya milimani iliyoitwa Irindi. Nchi nzima ilitegemea bwawa moja. Maji yalijaa usiku, asubuhi yakafunguliwa, yakateremka kwa mifereji, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye zamu alimwagilia. Asiye na zamu alingoja.

Irindi ilikuwa na mtawala, na mtawala alipewa mambo matatu. Aliweza kuwaita watu kazini na vitani, nao wakaja. Aliweza kuchagua wakuu wa kazi, mkuu wa mifereji, mkuu wa soko, mkuu wa njia, ikiwa baraza limekubali. Na aliweza kumsamehe mtu aliyehukumiwa. Kuhukumu hakukuwa kwake. Hukumu ilikuwa ya wazee wa baraza. Mnanisikia? Hawa wanahukumu, yule anasamehe. Watu wa kale hawakumpa mtu mmoja kisu na nyama.

Mtawala akafa. Wakamwosha, wakamzika, wakamwombea. Kazi ya Mungu haina makosa. Kilemba chake akakishika dada yake, Bibi Naetwe, mpaka apatikane mtu wa kukivaa.

Na kukivaa kulikuwa na njia yake. Anayetaka kilemba huketi chini uwanjani, kichwa wazi, mavumbini. Watu wa nchi humwambia makosa yake usoni, mkubwa kwa mdogo, naye hajibu. Wazee wa kale waliliweka kwa maneno matatu: asemwe, asikilize, avishwe. Kwanza hilo, kisha hilo, kisha hilo. Aliyesikiliza vizuri, baraza humchukua.

Safari hii wakajitokeza wawili, Kalage na Mrindoko.

Kalage alikuwa mzee wa baraza, mtu mpole, mzito wa kuamua. Mrindoko alikuwa na mashamba mapana na ulimi wa asali. Ukimwamkia mara moja, anakuitikia mara tatu.

Sasa yuko mama mmoja, jina lake Nambua. Mjane. Alizaa mara nyingi, Mungu akachukua wote, akamwachia mmoja, Kisaka. Kisaka alikuwa mlinzi wa bwawa. Mwaka ule wa jua kali, watu waliamka wakakuta ukuta wa bwawa umebomoka na maji yamekwisha. Wakauliza, nani alikuwa zamu? Kisaka. Mrindoko akasimama barazani, akasema kijana alilewa akaacha lango wazi. Kisaka akajitetea kwamba alidanganywa akaondoka bwawani, hawakumwamini. Baraza likamhukumu kwenda chumvini, kule chini bondeni, kunakokwanguliwa chumvi juani. Wengi huenda. Wanaorudi hawajai kiganja.

Lakini Nambua alikuwa ameona kitu. Asubuhi ile ile alipita shambani kwa Mrindoko, akakuta udongo wa maharage umelowa hadi kwenye tuta la mwisho. Haikuwa zamu ya Mrindoko. Alisema. Wakamwambia, mama hukosi la kusema, ni mwanao. Akanyamaza, akawa anaomba. Kila alfajiri anaomba jambo moja tu: nimwone akila tena nyumbani kwangu.

Siku ya kuketi uwanjani ilipokaribia, Mrindoko akaanza kutembea. Kwa huyu akapita, kwa yule akapita. Hakutoa mali. Alitoa ahadi. Kila nyumba akiacha neno moja: siku ile usinisemee kosa, nami nikivishwa nitakukumbuka. Huyu atakuwa mkuu wa mifereji. Yule naye atakuwa mkuu wa mifereji. Na shemeji yake yule, mkuu wa mifereji. Hata kinyozi alimaliza kumnyoa akiwa mkuu wa mifereji. Nchi ile ingekuwa na wakuu wengi kuliko maji.

Mwisho akafika kwa Nambua. Akaketi mlangoni kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu Kisaka. Nikivaa kilemba, neno langu la kwanza ni kumsamehe. Wewe siku ile tulia tu. Lile la shamba liache."

Nambua akamtazama. Moyo ukamvuta huku, ukamvuta huku. Akisema, mwana anabaki chumvini. Akinyamaza, nchi inapata mwizi wa maji, tena mwenye kilemba. Nani asingenyamaza? Nyinyi mngefanyaje?

"Nitanyamaza," akasema.

Mrindoko akaenda zake akitabasamu.

Nambua hakulala vizuri. Alfajiri akasali, akakaa kwenye mkeka. Akayarudia maneno ya wazee kinywani kama mtu atafunaye jani chungu. Asemwe. Asikilize. Avishwe. Akayarudia tena. Kisha akainuka, akajifunga kanga, akatoka.

Alikwenda kwa wale ambao hawakupewa ahadi, wale wenye hasira na Mrindoko, waliokuwa wakinoa maneno yao. Akawaomba jambo moja, kwamba siku ya Mrindoko wasiseme kitu. Wakamshangaa. Jirani yake mmoja, Nakunda, akamsema wazi.

"Umelishwa nini, Nambua? Juzi ulikuwa unalia, leo unamfagilia njia?"

"Sijalishwa. Nimeahidi kunyamaza."

"Wewe umeahidi. Sisi je?"

"Nyinyi nawaomba. Mungu si Athumani. Ninyamazieni siku moja tu."

Wakamnong'ona. Wakamwita mama aliyeuza nchi kwa mwana. Naye akameza, akaenda nyumba ya pili, akaenda nyumba ya tatu. Kwa kuwa walimhurumia, wakakubali, kwa shingo upande.

Siku ikafika. Kalage akaketi kwanza. Lo, Kalage alisemwa. Aliambiwa ana usingizi barazani. Aliambiwa ng'ombe wake hawajui mpaka. Mkwewe akamwambia ni mgumu wa kutoa nyama. Nambua naye akasimama.

"Kalage, Kisaka alitambaa uani kwako. Siku anahukumiwa ulikuwepo. Ulijua hanywi pombe. Ukatazama vidole vya miguu yako."

 Kalage aliinamisha kichwa. Vumbi lilikuwa limempaka hadi kwenye nyusi. 

Akaketi Mrindoko. Bibi Naetwe akauliza, "Nani ana neno juu ya Mrindoko?"

Kimya.

Akauliza mara ya pili. Kimya. Mbuzi akalia mbali, basi.

Akauliza mara ya tatu. Kimya kile kile.

Mrindoko akasimama, akajipangusa vumbi, akainamisha kichwa ili avishwe. Bibi Naetwe hakuinua mkono.

"Siwezi," akasema. "Asemwe, asikilize, avishwe. Wewe hukusemwa. Hukusikiliza. Nikuvishe kwa lipi?"

"Bibi, sikusemwa kwa kuwa sina kosa."

"Asiye na kosa ni Mungu peke yake, naye hakuomba kilemba chetu."

Hapo Mrindoko akaelewa. Akawageukia watu, akawaambia semeni basi, hata moja. Wakuu wa mifereji wakatazamana. Kila mmoja aliona akisema, cheo kimekwenda. Hakuna aliyefungua mdomo. Akamgeukia Nambua.

"Mama Kisaka, sema lile unalolijua."

"Nilikuahidi kunyamaza, baba. Ahadi ni deni. Kwa umri wangu sipendi kufa na deni."

Watu wakacheka, lakini chinichini.

Mrindoko akatoka jasho. Akamwuliza Bibi Naetwe kama mtu anaweza kujisema mwenyewe. Bibi akafikiri. Akajibu kwamba hakuna aliyewahi kujaribu, basi ajaribu, wasikie.

Akasema anakoroma. Bibi akamwambia hilo ni la mkewe.

Akasema ni mchoyo wa ugoro. Bibi akamwambia hilo ni la rafiki zake. Walitaka kosa la nchi.

Mrindoko akapiga hesabu ya haraka kichwani mwake. Aliyevaa kilemba ana uwezo wa kusamehe. Basi atasema, atavishwa, atajisamehe, na yote yataisha kabla ya jua kuzama. Akaona ni njia nzuri. Nyani haoni kundule, wanangu.

"Bwawa nililifungua mimi," akasema. "Usiku, ninyweshe maharage. Lango likanishinda, ukuta ukaenda. Kisaka nilimpeleka mimi kwenye mji wa jirani kwa uongo, nikamwambia mama yake anaumwa huko. Haya, nimesemwa. Nivisheni, nami nitajisamehe hapa hapa, mbele yenu."



Bibi Naetwe akakikunja kilemba mara moja, akakiweka mapajani.

"Mtawala husamehe watu," akasema. "Hajisamehi. Na wewe bado si mtawala."

Hakumhukumu, kwa kuwa mshika kilemba si hakimu. Alimkabidhi kwa baraza. Baraza likamhukumu kubeba mawe ya ukuta wa bwawa mpaka ukuta usimame, na kila jiwe alibebe kwa mabega yake.

Kalage akavishwa. Nambua akasogea, akapiga magoti, akamwomba amsamehe mwanawe.

Kalage akamwinua. "Siwezi kumsamehe, mama."

Nambua akamshika mkono, asiuachie.

"Husamehewa mwenye kosa," Kalage akasema. "Mwanao hana. Wenye kosa ni sisi, na mimi wa mbele."

Hakutuma mtu. Kumwita mwenzie kazini mtawala anaweza, lakini kazi hii aliifanya kwa miguu yake. Akashuka hadi chumvini, kilemba kichwani, Nambua nyuma yake. Wakamkuta Kisaka amebaki mifupa na macho, midomo imepasuka. Mama akamshika uso.  Alimshika tu.

Kalage akamweleza yote, asifiche. Kisha akamwomba radhi, kwa niaba ya baraza na kwa niaba yake.

Kisaka akapangusa chumvi midomoni. 

"Nimesikia," akasema. "Lakini nina njaa. Msamaha wa mtu mwenye njaa haukai. Nitakujibu nikishakula kwa mama."

Wakapanda mlima. Nambua akawasha moto, akasonga ugali, akapika maharage. Kisaka akala ndani, polepole, meno yakimwuma. Mama yake akakaa mbele yake akimtazama, tonge kwa tonge. Na nje, juu ya jiwe la kusagia, alikaa mtawala wa Irindi na kilemba chake kipya, mikono magotini, akingoja mtu amalize kula.

Ngano imechoka, inavua viatu.
— Ipumzike, imesema.
Aliyeipenda aende nayo kwake.
— Twende nayo.
Aliyeiona chungu amwachie Mungu.
— Naye ni mwema.