Alama Nyekundu ya Mwana Somoe

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Siyu, zama za wanazuoni na wanakili wa vyuo, yaani vitabu vya kuandikwa kwa mkono, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Mwana Somoe binti Shekuwe, Mola amrehemu. Marehemu babake alikuwa mwalimu wa kasida. Aliacha chuo kimoja cha sifa za Mtume, maneno yake kwa wino mweusi, na juu ya maneno alama nyekundu za lahani: hapa sauti ipande, hapa ivutwe, hapa ikatwe.

Mwana Somoe alikinakili chuo kile akiwa msichana, nakala saba kwa misikiti saba. Watu wakakisoma kila Alhamisi, na mbele ya kila jeneza.

Alipotimiza miaka hamsini na kitu, alitoa chuo cha babake kukianika, maana mchwa walikwisha kukifikia. Akawa anakipitia ukurasa kwa ukurasa. Katika ubeti wa nne akasita. Palikuwa na neno la Kiarabu, *la*, ambalo likikatwa maana yake ni hakika: hakika utawarehemu waja wako. Likivutwa huwa *laa*, na maana inageuka: hutawarehemu waja wako. Babake hakuweka alama ya kuvuta. Aliyeiweka ni yeye, katika nakala zote saba. Na hapo hasa ndipo wasomaji walipovuta sauti kwa uzuri, na wasiojua Kiarabu, ambao ndio wengi, wakalia.

Akajitanda buibui, akaenda kwa Khatibu Badi, imamu wa msikiti mkuu.

"Khatibu, kosa ni la kalamu yangu. Tazama."

Khatibu hakutazama. "Nililiona zamani, Mwana Somoe."

"Na ukanyamaza?"

"Watu wanatoka Pate na Faza kuja kusikiliza mahali hapo. Mola anazijua nia zetu."

"Nia anazijua. Na maneno nayo anayasikia."

"Miaka thelathini tumewasomea wafu hivyo. Jamaa zao utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikosea."

Alhamisi iliyofuata, watu walipokuwa wakitoka, alisimama mlangoni pa msikiti akawaeleza yote, bila kulitaja jina la Khatibu. Bi Mwanaidi, aliyezika wanawe wawili katika mwaka mmoja, akamkaribia.

"Wanangu uliwaombea wasirehemewe?"

"Rehema ya Mola haizuiliwi na wino wangu, dada yangu. Lakini nimekukosea. Niwie radhi."

Bi Mwanaidi akampa kisogo, na tangu siku hiyo hakuitikia salamu yake.

Khatibu akawaambia watu kwamba bibi huyu amezeeka, macho yake yamepungua nuru, wasimsikilize. Kasida ikaendelea kuvutwa palepale. Waliokuwa na misahafu iliyoandikwa kwa mkono wake wakaanza kuitilia shaka, wakairudisha mmoja mmoja mpaka chumba chake kikajaa. Hakuna aliyemletea kazi tena. Alizunguka misikiti yote saba akiomba aikwangue ile alama. Ni msikiti mmoja tu, mdogo, wa wafuma nguo, uliomfungulia chuo.

Nduguye, Bwana Madi, alimwambia siku moja, "Ungalinyamaza, ungalikufa na heshima yako."

Akajibu, "Ningalikufa nayo, kweli. Na huko ningekwenda nayo wapi?"

Akaishi miaka sita hivyo. Alipokaribia kufa, alimuusia nduguye kwamba ile kasida isisomwe mbele ya jeneza lake. Bwana Madi akautekeleza wasia. Wakambeba kimya, watu tisa, na Khatibu hakuwamo. Waliokutana nao njiani walisimama kando wakaulizana kwa sauti ya chini: ni nani huyu, na alifanya dhambi gani, hata akanyimwa kasida?

Bwana Madi alisikia, akabadilisha bega, akaendelea kubeba.

Enyi mnaosoma, tunapenda kudhani kwamba mkweli hulipwa hapahapa, watu wakimwona. Mwana Somoe hakulipwa na mtu. Malipo yake yako kwa Yule asiyedanganyika na uzuri wa sauti. Nasi tujiulize, kabla ya kumlaumu Khatibu, ni makosa mangapi tunayoyajua na kuyaimba.