Mkanda wa Pili

Kaeni, ndugu zangu. Aliyechoka aegemee, sitamhesabu kuwa mvivu. Nimewatazama mkiingia leo, mmoja mmoja, na sikuona uso uliopata usingizi wa kutosha. Mimi mwenyewe nimepanda ngazi za madhabahu nikishika ukuta. Basi leo sitapaza sauti. Nitawasimulia habari za mtu mmoja aliyechoka kama sisi, nanyi mnisikilize kwa upole.

Mtu huyo alikuwa mvuvi, kando ya ziwa. Tumwite Baba Nyamizi, maana hata kwenye mfano mtu huwa na mtoto anayemsubiri nyumbani. Miaka mingi alivua kwenye mitumbwi ya wengine, akivuta nyavu za wengine, hadi mabega yake yakaanza kumkatalia. Asubuhi mkewe ndiye aliyemvalisha shati. Siku moja akasikia kwamba hoteli moja ya ufukweni inafungwa, na inauza zile pikipiki za maji walizokuwa wakichezea wageni. Jetski, kama vijana wanavyoziita. Akawaza: chombo hiki kinakwenda chenyewe. Hakina kasia. Nikikiandaa vizuri nitavua peke yangu, nikiwa nimekaa.

Nikiwa nimekaa. Lishikeni neno hilo. Hakutaka utajiri. Alitaka kukaa.

Wala msimwite mjinga. Alichagua kwa akili kuliko wengine wetu tulivyochagua wachumba. Zilikuwa mbili. Nyekundu ilikuwa inang'aa, imechorwa ndimi za moto ubavuni. Ya bluu ilikuwa imepauka kama kanga ya kudekia. Akainama chini ya ile nyekundu, akaona tumbo lake lilipata ufa, ukazibwa, na rangi ikapakwa juu. Akainua kiti cha ile ya bluu, akanusa injini. Akapitisha kidole kwenye panga linalosukuma maji, akalikuta laini, halijaliwa na mchanga. Akaomba iwashwe ikiwa baridi. Ikawaka.

"Hii sura yake mbaya," muuzaji akamwambia, "lakini haijawahi kumwacha mtu majini. Ile nyingine, mzee wangu, ni ya kupigia picha."

Kisha muuzaji akamtaka jambo la ajabu. Alikuwa na desturi yake: hamuuzii mtu ambaye hajaanguka. Akamwambia aende pale penye kina, ajitupe, aonekane anavyorudi. Baba Nyamizi akaenda. Akafunga mkononi ile kamba inayozima injini mtu anapotoka kitini, akajitupa. Injini ikazima, chombo kikamsubiri. Akaogelea hadi nyuma yake, akashusha kingazi kidogo kilichokuwa pale, akashika mpini ulio nyuma ya kiti, akaweka goti, akapanda. Watu wakampigia makofi. Mkewe, aliyesimama ufukweni, akacheka hadi akashika mbavu. Na yeye, maji yakimchuruzika kidevuni, akasema, "Kumbe ni kama kupanda kitanda."

Mmesikia alipandia wapi? Nyuma. Kwenye chombo kile hakuna pengine pa kupandia. Mbele kunateleza, ubavuni kinakulalia. Ni nyuma tu.

Sasa akaanza kukiandaa. Samaki wanaharibika kwa joto, kwa hiyo akatafuta boksi la barafu. Aliweke wapi? Nyuma, maana ndiko kuna bapa. Fundi akamchomelea kichanja cha chuma cha kulikalisha. Fimbo za kuvulia zinahitaji pa kusimama, akafunga mabomba ya plastiki pembeni mwa boksi. Safari ni ndefu, akaongeza dumu la petroli. Kile kingazi kilikuwa kinagongana na kichanja na kupiga kelele njia nzima, akakikunja, akakifunga kwa waya. Juu ya vyote akapitisha mikanda miwili, ile ya kufungia mizigo ya malori, yenye vifungo vya chuma. Akaikaza mpaka boksi likawa halitikisiki.

Nionyesheni kitu kimoja hapo cha anasa. Hakipo. Kila kimoja kilikuwa cha lazima.

Mkewe akaja kukitazama. Alikuwa ameahidiwa kutembezwa. Akakizunguka taratibu, akauliza yeye atakaa wapi. Mumewe akajifanya anakaza mkanda.

"Kwa hiyo mke mkubwa ni boksi," mkewe akasema.

"Msimu ukiisha nitalishusha, Mama Nyamizi. Tutakwenda mpaka kule kwenye mawe."

"Na wewe je? Si hapo ulipopandia siku ile?"

"Siku ile nilikuwa naijaribu," akajibu. "Sasa naijua."

Sasa naijua. Ee Bwana, utuhurumie.

Msimu ukaisha, mwingine ukaanza, boksi halikushuka. Alivua, siwezi kumnyima hilo. Nyumbani walikula. Lakini alirudi jioni amechoka kuliko enzi za kasia, maana sasa barafu ilikuwa juu yake, petroli juu yake, injini juu yake, na hakuna mwenzake wa kumwambia, shika hapa kidogo nipumue. Alilala huku anapiga hesabu ya kesho. Alikuwa amekaa kutwa, na bado hakuwa amepumzika. Mnaelewa ninachosema? Naona wengine mnainamisha vichwa.

Siku yenyewe haikuwa ya dhoruba. Ingekuwa dhoruba, tungekuwa na wa kumlaumu. Ulikuwa mchana mtulivu, ziwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Joto lilikuwa kali, akavua jaketi lake la kujiokolea, akalichomeka chini ya mkanda. Sangara akashika, mkubwa, wa aina ambayo mvuvi huingoja msimu mzima. Akapambana naye, akamshinda. Akalegeza mikanda, akamtia ndani ya boksi, akaikaza tena kwa nguvu zake zote. Na alipokuwa anageuka ili akae, mguu ukateleza.

Kamba ikafanya kazi yake, injini ikazima. Chombo kikamsubiri, kama siku ile. Mwili haukuwa umesahau, ukampeleka nyuma bila kuulizwa. Akanyoosha mkono kutafuta mpini. Akagusa boksi.

Akajaribu ubavuni, kikamlalia. Akajaribu mbele, akateleza. Akarudi nyuma, akavuta lile jaketi, likagoma, limebanwa na mkanda alioukaza mwenyewe. Akaning'inia hapo, akapumua. Saa ile mikono yake ilikuwa na nguvu bado. Angeweza kufungua mikanda yote, akasukuma boksi likazama, akapanda. Mbona hakufungua? Ndani mlikuwa na sangara yule. Akasema moyoni, ngoja nijaribu tena kwanza. Akajaribu. Akaning'inia. Akasema, ngoja nijaribu tena kwanza.

Nani humu hajawahi kuyasema maneno hayo?

Jioni watu wa mtumbwi mmoja wakakikuta chombo kinaelea. Walikivuta hadi ufukweni, na kila kitu kilikuwapo. Fimbo zimesimama. Dumu la petroli limejaa. Ndani ya boksi barafu bado ni barafu, na sangara amelala juu yake kama mgeni wa heshima. Mwenyewe tu ndiye hakuwapo. Walimpata kesho yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja, na hilo ndilo lililonifanya niwasimulie haya. Mkanda wa kwanza ulikuwa umefunguliwa.

Alianza, ndugu zangu. Msitoke hapa mkisema yule mtu alikuwa na tamaa tu. Mwishoni alimwachilia sangara moyoni mwake, akauchagua uhai, akafungua mkanda wa kwanza. Alipofika wa pili, vidole vilikuwa vimekwisha. Nguvu zake zote alizimaliza kwa kuning'inia kwenye kitu kilekile kilichomzuia kupanda.

Mkewe akawaomba watu wasogee. Akaweka kidole gumba kwenye kifungo cha ule mkanda wa pili, akabonyeza. Ukafunguka. Kwa kidole gumba. Boksi likaporomoka mchangani, na nyuma yake pakaonekana pale mahali pa kupandia, papana, pasafi, kama kitanda.

Sasa na sisi.

Kila mmoja wetu humu anayo siku aliyoanguka akarudi. Tulipiga magoti hapa mbele, watu wakapiga makofi, mama zetu wakalia kwa furaha, nasi tukashangaa kwamba kurudi kwa Mungu ni rahisi namna ile. Tukasema, sasa naijua. Kisha tukaanza kupakia. Duka. Zamu za usiku. Nyumba isiyokwisha kujengwa. Na mimi nimepakia mikutano, semina, vikao vya kamati, vyote kwa jina la Bwana. Hakuna cha anasa. Ila tumeviweka vyote palepale tulipopandia: kwenye saa ya kuomba, kwenye siku ya kupumzika, kwenye ile jioni tuliyokusudia kwenda kwa ndugu yetu kumwambia nisamehe. Tukakikunja na kingazi, kwa sababu kilikuwa kinatupigia kelele. Msimu ukiisha nitashusha.

Leo siwaulizi mna dhambi gani. Nawauliza mmeweka nini nyuma.

Yupo humu aliyefungua mkanda wa kwanza. Naliona lile benchi la mwisho. Amerudi kanisani baada ya muda mrefu, anakaa karibu na mlango, na amejiambia kwamba ameanza. Ndugu yangu, dada yangu, nafurahi umeanza. Yule naye alianza. Nenda kwenye wa pili leo, ungali na vidole. Na hiyo barafu unayoihurumia, iache iyeyuke.

Sitaongeza neno, maana nimechoka, nanyi mmechoka. Kabla hatujainua mikono kuomba, kila mtu aitazame yake kwanza. Aitazame vizuri. Ajiulize kama bado inaweza kufungua.