Muhuri wa Kombo Juu ya Korongo wa Kijani

Mwaka 2021, mwezi wa Julai, baridi ya Njombe ilishuka mpaka umande ukaganda, na nyasi za asubuhi zikawa nyeupe kama zilizonyunyiziwa chumvi. Ukungu ulikuwa hauinuki kabla ya saa nne. Moshi wa majiko ulikosa pa kwenda, ukabaki kutambaa juu ya mapaa.

Katika baridi hiyo, Mzee Atilio Mgaya, mtakwimu mstaafu, alikuwa akingoja bahasha kutoka Tanga.

Mzee Atilio alikuwa mtu wa vipimo. Sukari ya chai yake aliisawazisha kwa kisu juu ya kijiko. Viatu vyake alivipanga kwa umri. Mkewe, Mama Oresta, alizoea kuwaambia majirani, "Huyu hata chafya anapiga kwa ratiba."

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo vipimo vyake havikuliweza. Baba yake alikuwa karani wa posta katika kituo kidogo cha Mkolowe. Muda mfupi baada ya karani huyo kufariki, nyumba yake iliungua, na moto haukusaza kitu: si picha, si kofia, si hata kipande cha karatasi chenye mwandiko wake. Mwanawe alizeeka bila kushika kitu chochote kilichowahi kupita mikononi mwa baba.

Ndiyo maana alikusanya stempu za miaka ile ile ambayo baba yake alikaa nyuma ya dirisha la posta. Alizitaka safi, zisizogongwa muhuri, kama zilivyolala katika droo ya baba kila asubuhi. Stempu yenye muhuri aliiona kama shati lililomwagikiwa wino. Ukurasa wake ulibakiza pengo moja tu, la stempu ya senti hamsini yenye picha ya ndege, korongo wa kijani.

Korongo huyo alimwona mtandaoni, katika duka la Bi. Zamzam wa Tanga, aliyekuwa akiuza stempu alizoachiwa na marehemu baba yake. Picha ilionyesha stempu safi, yenye kijani cha jani la mgomba lililotoka kunyeshewa. Mzee Atilio alipiga simu kuagiza, na kwa furaha akajikuta anasema maneno mengi kuliko desturi yake.

"Mwanangu, mimi nimekulia posta. Baba yangu alikuwa karani pale Mkolowe, tena alikuwa shoto. Watu walikuwa wakikataa barua zao zigongwe kwa mkono wa kushoto, wakidai zitafika na msiba. Yeye alikuwa akicheka tu, anawaambia: stempu isiyogongwa haijaenda popote."

"Mkolowe?" aliuliza Bi. Zamzam. "Basi nipe siku mbili tatu, mzee wangu, nikufungie kwa utulivu."

Bahasha ikafika. Mzee Atilio akanawa mikono, akakausha kila kidole, akatandika kitambaa cheupe mezani na kuchukua kibano chake. Alifungua taratibu, kama mtu anayefunua uso wa bibi harusi.

Kibano kikamponyoka.

Korongo alikuwamo, lakini amepauka. Alikuwa bado amegandamana na kipande cha bahasha kuukuu. Na juu yake, bila haya, muhuri mweusi ulikuwa umepita kwa kishindo: nusu kwenye stempu, nusu kwenye karatasi.

"Mama Oresta! Njoo uone mtu anavyoibiwa mchana kweupe!"

Mkewe alikuja na kisu cha kumenyea viazi mkononi, akainama. "Mbona ndege ni yule yule?"

"Ndege yule yule? Ukiagiza ng'ombe wa maziwa ukaletewa ngozi yake, utasema ni ng'ombe yule yule?"

"Nitauliza kwanza aliyeniletea," alisema Mama Oresta, akarudi kwenye viazi vyake.

Mzee Atilio hakuwa na nafasi ya ushauri. Aliiweka picha ya mtandaoni sambamba na stempu, akahesabu tofauti moja baada ya nyingine, kisha akapiga simu Tanga.

"Shikamoo mzee wangu!" Sauti ya Bi. Zamzam ilikuwa na tabasamu ndani yake. "Imefika? Umeiona?"

"Marahaba. Imefika, na ina kasoro saba. Ya kwanza, ina muhuri. Ya pili, muhuri wenyewe umegongwa kombo, kama umegongwa na mlevi."

"Mzee wangu, hebu tulia kwanza. Huo muhuri umeutazama vizuri?"

"Nimeutazama! Ndiyo nakwambia, kasoro ya kwanza na ya pili. Usinikatishe. Ya tatu, rangi…"

Alizitaja mpaka ya saba bila kuvuta pumzi. Alipomaliza, tabasamu lilikuwa limetoka katika ile sauti.

"Nisamehe, mzee wangu. Pesa yako nakurudishia yote, pamoja na nauli ya bahasha. Stempu baki nayo."

Pesa ilirudi kabla chai yake haijapoa. Hata hivyo moyo haukutulia, maana hasira ya mtu anayejiona ana haki haishibi upesi. Aliingia katika kikundi cha wakusanyaji wa stempu, akabandika picha mbili bega kwa bega, na chini yake akaandika: "Jihadharini na muuzaji huyu. Anaonyesha kanga, anafunga kunguru." Jina la Bi. Zamzam likapita mdomo hadi mdomo, wengine wakimwita tapeli. Kufikia jioni alikuwa ameondolewa kikundini.

Mzee Atilio akaigeukia stempu. Kwa kuwa haikuwa tena na thamani machoni pake, alifanya kile ambacho kila mkusanyaji hufanya kwa stempu iliyoganda kwenye karatasi. Aliilaza katika bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka gundi ikaachia. Akamwinua korongo kwa kibano, akamlaza juu ya kitambaa akauke. Karatasi iliyoloa akaiacha bakulini, juu ya meza ya jikoni.

Asubuhi iliyofuata simu ikaita. Alikuwa Bi. Zamzam. Mzee Atilio akajiandaa kwa matusi, na majibu alikuwa nayo tayari.

"Shikamoo mzee wangu. Sikupigii kwa ajili ya kikundi. Hilo Mungu amelisikia. Nimelala nikiwaza jambo moja: huyu mzee hajausoma ule muhuri."

"Sina haja ya kuusoma. Mimi niliagiza ile ya pichani."

"Ile ya pichani ninayo hapa, safi kama ulivyoiona. Nilikuwa tayari kukufungia hiyo. Lakini ulipotaja Mkolowe sikuweza kuituma. Niliingia katika masanduku ya marehemu baba, nikapekua mpaka mgongo ukaniuma, nikapata bahasha moja tu iliyotoka Mkolowe. Nikaikata pembeni nikakutumia wewe. Sikukwambia. Nilitaka uigundue mwenyewe, kwa lenzi yako ya mkusanyaji. Sasa niambie, mzee wangu, enzi hizo pale Mkolowe, nani mwingine alikuwa akigonga mihuri?"

Mzee Atilio alishika ukingo wa meza.

"Hakuna," alisema. "Alikuwa peke yake."

"Basi mimi nilikutumia mkono wa baba yako."

Hakumbuki aliagana naye vipi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa, akaiinamia stempu na lenzi. Juu ya korongo ilikuwa imebaki nusu duara, na ndani yake tarehe: Agosti 1966. Tarehe ile ilikuwa imelala upande, vile hasa mkono wa shoto unavyolala unapogonga kwa haraka kabla mwenye barua hajakataa. Ndiyo aliyokuwa ameiita kasoro ya pili.

Jina la Mkolowe halikuwapo. Lilikuwa kwenye karatasi.

"Mama Oresta! Ile karatasi iliyokuwa kwenye bakuli iko wapi?"

"Ipi? Ile iliyoloa kama kiporo cha ugali? Nimeimwaga na maganda ya viazi."

"Umeimwaga wapi?"

"Kwa nguruwe, Baba Oresta. Maganda huwa napeleka wapi tena?"

Mzee huyu aliyepanga viatu vyake kwa umri alitoka nje bila kiatu hata kimoja, akakimbia juu ya umande ulioganda mpaka kwenye banda. Hori lilikuwa jeupe, limerambwa likang'aa. Nguruwe aliinua pua, akamtazama, akitaka kuongezewa.

Alisimama pale mpaka mkewe akamfuata na kandambili. Mama Oresta alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Vaa," alimwambia tu.

Siku hiyo hiyo Mzee Atilio aliandika tena katika kikundi: "Jana nilihesabu kasoro saba. Nilikosea hesabu. Kasoro ni moja, nayo ni mimi." Akaeleza yote, hata habari za nguruwe hakuzificha. Bi. Zamzam akarudishwa kikundini kwa heshima, na waliomwita tapeli wakamwomba radhi. Mzee akamtumia pesa yake. Ikarudi. Akaituma tena. Ikarudi tena, na mara hii ikafuatiwa na simu.

"Mzee wangu, usinichoshe. Zawadi haina bei. Na ile safi je, nikutumie?"

"Hapana, mwanangu. Haijaenda popote."

Korongo mwenye nusu ya muhuri akawekwa katika ukurasa wake peke yake. Pengo la yule safi likaachwa wazi mpaka leo.

Naye, kwa kuwa hesabu haikumtoka damuni, alikaa akaijumlisha gharama. Bei ya stempu: imerudishwa. Nauli ya bahasha: imerudishwa. Jumla ya yote aliyolipa kuipoteza nusu ya mkono wa baba yake: shilingi sifuri.

Funzo: Anayekuletea kisichofanana na ulichoagiza, muulize kabla ya kumhukumu; huenda ameacha kukupa ulichokitaja ili akupe ulichokuwa ukikitafuta.